Kusoma jenomu ya binadamu ukiwa Unguja au Pemba: vipande vifupi, virefu, au vyote kwa pamoja?

Mwanafunzi wa uzamili wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na mtu wa maabara pale Wawi, Pemba, huuliza swali moja: mradi umepata fedha, tunataka kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote, za watu wetu, tuchukue teknolojia gani? Mara nyingi ameshaongea na muuzaji aliyemwambia kuwa mashine yake inasoma kila kitu. Hakuna mashine ya namna hiyo. Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulianza mwaka 1990, ukatangaza rasimu Juni 2000, ukafungwa Aprili 2003, na hata baada ya sherehe zote hizo karibu asilimia 8 ya jenomu ilikuwa haijasomwa. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2022 na kundi la watafiti liitwalo T2T, wakiongozwa na Karen Miga na Adam Phillippy. Kromosomu Y nzima ilisubiri hadi Agosti 2023.

Ukielewa kwa nini asilimia 8 ile ilichukua karibu miaka ishirini, nusu ya uamuzi wako umeshaufanya.

Jenomu yetu ina herufi takriban bilioni 3.1 (za aina nne tu: A, C, G na T), na hakuna chombo kinachoweza kuisoma kromosomu kutoka ncha moja hadi nyingine. DNA hukatwa vipande, kila kipande kikasomwa peke yake, kisha kompyuta ikaviunga kwa kutazama vinapofanana. Sasa chukua shairi refu lenye kiitikio kinachorudi kila baada ya ubeti, ulichane vipande vipande, umpe mtu asiyelijua alipange. Kipande chenye kiitikio peke yake hakimsaidii, kwani kinaweza kukaa popote. Kinachomsaidia ni kile kinachoanzia katikati ya ubeti wa saba, kikakipita kiitikio chote, kikaingia ubeti wa nane. Zaidi ya nusu ya jenomu ya binadamu ni marudio, na kanuni ni ile ile: kipande kisichokuwa kirefu kuliko marudio hakiwezi kuyavuka.

Marudio hayo yana ngazi zake. Ya chini ni Alu, yenye herufi 300 hivi, iliyotapakaa katika nakala zaidi ya milioni moja. Juu yake ipo LINE-1, ambayo ikiwa kamili ina herufi 6,000. Jeni za ribosomu zina urefu wa herufi 45,000 hivi kila moja, nazo zimepangana foleni kwenye mikono mifupi ya kromosomu 13, 14, 15, 21 na 22. Kileleni zipo sentromea, yaani viuno vya kromosomu, ambako neno la herufi 171 hurudiwa mpaka eneo zima likafika mamilioni ya herufi. Kila njia nitakayoitaja, jiulize inafika ngazi ipi.

Vigezo ninavyotumia

Nazilinganisha njia kwa urefu wa kipande na usahihi wake, sampuli inayotakiwa, mashine na umeme na kompyuta, gharama, na mahali inapokwama. Sampuli naipa uzito zaidi kuliko wengi wanavyoipa, na sababu ni hivi visiwa vyenyewe. DNA ndefu ni kitu kinachokatika. Damu iliyotolewa Micheweni asubuhi, ikakaa garini kwenye joto mpaka Chake Chake, ikagandishwa, ikayeyuka umeme ulipokatika, ikagandishwa tena, haitatoa vipande vya herufi laki moja hata uipeleke kwenye mashine ya bei gani. Waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme wa kutoka bara, wanajua friza isiyo na jenereta huishia wapi.

Vipande vifupi: Illumina

Hii ndiyo njia iliyoenea kuliko zote duniani. DNA hukatwa vipande vya herufi mia kadhaa, vikashikizwa kwenye kioo, vikanakiliwa, na kila herufi inayoongezwa hutoa mwanga unaopigwa picha. Msingi wake ni kazi ya Shankar Balasubramanian na David Klenerman wa Cambridge, Uingereza.

Urefu ni herufi 150 kutoka kila upande wa kipande. Usahihi ni wa juu sana, kosa moja au pungufu katika herufi elfu. Kwa sampuli haina masharti makubwa: nanogramu mia moja zinatosha, mara nyingine hata chini ya hapo, na DNA iliyokatikakatika haiiharibii kazi kwa sababu ingekatwa tu. Hapo ndipo inapomfaa mtu anayekusanya damu vijijini.

Mashine zake kubwa hazina maana kwa mradi mdogo wa kisiwani, kwa hivyo hesabu ya kweli ni ya kutuma sampuli nje na kulipia huduma. Septemba 2022 kampuni ya Illumina ilitangaza kuwa mashine yake ya NovaSeq X itashusha gharama ya jenomu moja hadi dola 200. Hiyo ni bei ya vitendanishi, yaani kemikali za kusomea, kwa maabara inayoendesha maelfu ya sampuli; kwako ongeza usafiri, vibali na ada ya huduma. Data ya mtu mmoja akisomwa mara 30 ni makumi ya gigabaiti, na kompyuta nzuri ya chuo inaibeba.

Inakwama mapema. Herufi 150 haziivuki hata Alu. Na kuna mfano unaotuhusu sisi wa pwani moja kwa moja: thalasemia ya alfa, ugonjwa wa damu wa kurithi. Katika kila seti ya kromosomu, ya baba na ya mama, binadamu ana jeni mbili za globini ya alfa (jumla nne), HBA1 na HBA2, zinazofanana karibu herufi kwa herufi na zilizokaa jirani. Upungufu uliozoeleka katika pwani ya Afrika Mashariki hutokana na kufutika kwa kipande cha herufi 3,700 hivi, na jeni mbili zikabaki moja. Kipande cha herufi 150 kikitoka hapo, programu haijui ni cha HBA1 au HBA2, hukiweka popote au hukitupa. Wapo wanaokadiria kwa kuhesabu idadi ya vipande vilivyoangukia eneo hilo, na inawezekana, ila ni makadirio.

Kwa mabadiliko ya herufi moja moja, lakini, sioni sababu ya kulipia zaidi. Selimundu ni herufi moja katika jeni ya HBB, A iliyogeuka kuwa T. Upungufu wa G6PD, unaotufanya tuwe na tahadhari na primakwini, dawa ya malaria, katika Afrika nao kwa kiasi kikubwa ni mabadiliko ya herufi moja moja.

Kuna kazi nyingine ambayo vipande vifupi havina mshindani, nayo ni mifupa ya kale. DNA ya mtu aliyekufa miaka elfu nyuma huwa imeshajivunja yenyewe, vipande vingi vikiwa chini ya herufi mia, kwa hivyo mashine ya vipande virefu haina cha kusoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulisoma DNA ya watu waliozikwa katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, na pango la Makangale kaskazini mwa Pemba. Wale wa miaka takriban 1,300 hadi 1,400 iliyopita walikuwa na nasaba ya wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki, na aliyeishi Pemba karibu miaka 600 iliyopita alikuwa na nasaba ya watu wanaosema lugha za Kibantu. Hayo yote yametoka kwenye vipande vifupi, na mimi nayaona kuwa miongoni mwa mambo makubwa kabisa ambayo jenomu imewahi kutuambia kuhusu visiwa hivi.

Vipande virefu na sahihi: PacBio HiFi

Hapa DNA haipigwi picha kwa makundi. Molekuli moja hufungwa ncha zote mbili ikawa duara, ikaingizwa kwenye kishimo kidogo mno chenye kimeng'enya, na kimeng'enya kikaizunguka mara nyingi. Kila mzunguko una makosa yake, lakini mizunguko ikilinganishwa makosa huondoka. Kinachobaki ni kipande cha herufi 15,000 hadi 20,000 chenye usahihi wa asilimia 99.9.

Kwa hiyo hupanda ngazi mbili kwa mpigo: Alu imevukwa, LINE-1 imevukwa. HBA1 na HBA2 huonekana zote ndani ya kipande kimoja, na ukiwa na jeni tatu badala ya nne unaziona kwa macho, huna haja ya kukisia. Zaidi ya hapo, kipande hicho hicho kinaonesha alama za metili (vibandiko vya kemikali vinavyosaidia kuwasha na kuzima jeni) juu ya DNA bila kipimo kingine.

Sampuli ndiyo mtihani. Utahitaji mikrogramu kadhaa za DNA ambayo haijakatika, iliyotolewa kwenye damu mbichi au iliyogandishwa mara moja tu. Anayeitoa awe amefundishwa. DNA nzuri unaiona ukiivuta kwa pipeti: nzito, inavutika kama haitaki kuachana na ncha. Tumia ncha za tundu pana, au kata ncha ya kawaida kwa mkasi uliosafishwa, vuta taratibu, changanya kwa kugeuza kijichupa juu chini kwa mkono, na usikiweke kabisa kwenye mashine ya kutikisia. Nimeona mafundi hodari wa PCR (kipimo cha kunakili kipande kidogo cha DNA) wakishangaa hapa, maana kwa PCR mtikiso wa sekunde chache haudhuru kitu.

Mashine yenyewe ni mamia ya maelfu ya dola, kwa hivyo hii nayo ni ya kutuma nje. Mashine ya Revio ilipotangazwa mwaka 2022, lengo lilikuwa jenomu moja kwa vitendanishi vya chini ya dola 1,000. Kompyuta haielemewi sana, kwani vipande ni vichache na safi. Inapokwama ni kwenye jeni za ribosomu na katika sentromea zinazojirudia kwa mamilioni ya herufi karibu bila tofauti.

Inamfaa mtafiti mwenye watu wachache na swali zito: familia yenye ugonjwa usiopata jina baada ya vipande vifupi kushindwa, au uchunguzi wa thalasemia, au maeneo yenye jeni zilizojinakili.

Vipande virefu kupita vyote: Oxford Nanopore

Uzi wa DNA hupitishwa kwenye tundu la protini lililo juu ya utando, umeme mdogo ukipita humo, na kila kundi la herufi hubadilisha mkondo kwa namna yake. Kompyuta husoma mabadiliko hayo. Kimsingi urefu hauna kikomo isipokuwa ule wa DNA uliyoleta: vipande vya zaidi ya herufi 100,000 ni kawaida kwa maabara zilizozoea, na vilivyozidi milioni moja vimeshasomwa. Usahihi, ambao miaka ya mwanzo ulikuwa wa kukatisha tamaa, sasa uko karibu asilimia 99 kwa kila kipande, na makosa yaliyobaki hupenda kukaa pale herufi moja inapofuatana mara nyingi, mathalani A nane mfululizo.

Watu wengi visiwani wanaijua njia hii kupitia MinION, kifaa kinachoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Sifa zake ni za haki. Mwaka 2015 ilifuatilia Ebola nchini Guinea, na mwaka 2016 mwanaanga Kate Rubins aliitumia kusoma DNA kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kwa virusi, bakteria na vimelea vya malaria ni chombo cha kweli cha kisiwani.

Jenomu nzima ya binadamu ni hesabu nyingine, na hapa naomba msomaji atulie. Ili kusoma herufi bilioni 3.1 mara 30 unahitaji herufi bilioni 93 hivi. Kibao kimoja cha MinION (sehemu inayobadilishwa, yenye yale matundu), kazini, mara nyingi hutoa bilioni 10 hadi 20. Ina maana utakuwa umesoma kila sehemu mara tatu hadi sita tu, kiasi kisichotosha kuamini herufi moja moja. Jenomu ya binadamu iliyosomwa kwa MinION na kuchapishwa mwaka 2018 ilihitaji maabara kadhaa na vibao vingi. Kazi hiyo leo hufanywa na mashine kubwa ya aina hiyo hiyo, PromethION, ambayo kibao chake kimoja hukaribia kutosha kwa mtu mmoja.

Sampuli kwa vipande virefu kabisa ni ngumu kuliko zote: mamilioni ya seli mbichi, utoaji wa siku nzima, na hakuna njia ya kuidanganya. Mashine hukimbia saa 72, kwa hivyo betri ya akiba na jenereta viwe tayari kabla ya kibao kufunguliwa. Kompyuta inataka kadi ya michoro (GPU) yenye nguvu. Data ghafi ya mtu mmoja inaweza kufika terabaiti nzima, na kuipandisha mtandaoni kutoka Pemba ni kazi ya siku nyingi. Kuibeba kwenye diski ndani ya boti ni haraka zaidi.

Kuchanganya

Hakuna njia moja kati ya hizo tatu iliyokamilisha jenomu ya 2022. T2T walitumia vipande vya HiFi kuwa uti wa mgongo kwa sababu ya usahihi wake, na vipande virefu kabisa vya nanopore kuvusha mahali HiFi iliposhindwa. Tena walichagua seli za kipekee, ziitwazo CHM13, zilizotoka kwenye mimba isiyo ya kawaida ambayo kromosomu zake zote mbili mbili zilikuwa nakala moja. Hapakuwa na haja ya kutofautisha ya baba na ya mama.

Binadamu wa kawaida ana seti mbili. Kuzitenganisha unahitaji damu ya wazazi wake, ambayo inatosha kusomwa kwa vipande vifupi, au kipimo cha Hi-C kinachoonesha DNA ipi ilikuwa karibu na ipi ndani ya seli. Programu kama Verkko na hifiasm hufanya uunganishaji, kwenye kompyuta kubwa za kukodi. Gharama ni ya njia zote ulizochanganya, na sampuli lazima iridhishe ile yenye masharti magumu zaidi.

Kwa nini mtu ajitese hivyo? Kwa sababu jenomu rejea inayotumiwa na hospitali nyingi duniani, GRCh38, kwa takriban asilimia 70 imetokana na mtu mmoja. Uchambuzi wa watu 910 wenye asili ya Afrika, uliochapishwa mwishoni mwa 2018, ulikuta karibu herufi milioni 300 zisizokuwemo humo. Rasimu ya jenomu ya pamoja ya mwaka 2023 ilianza na watu 47 wa sehemu mbalimbali za dunia, na ni hatua ya heri, lakini Mtumbatu au Mpemba wa Micheweni hana hakika kuwa kipande chake kimo. Jenomu chache kamili kutoka visiwani, zilizochukuliwa kwa ridhaa ya kweli na kibali cha ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, zingemsaidia kila mtafiti atakayekuja baadaye na vipande vifupi vya bei nafuu, kwani angekuwa na rejea inayofanana na watu wake. Mimi ningetamani sana zifanywe, na zifanywe na watu wa hapa.

Mpaka hapo, ukisoma kwa njia yoyote, panga data yako kwenye rejea zote mbili: GRCh38 kwa ajili ya kumbukumbu za kitabibu, na T2T-CHM13 kwa maeneo yaliyokuwa tupu.

Chagua kwa hali yako

Ikiwa ni familia inayotaka kujua selimundu kabla ya ndoa au kwa mtoto, hamna haja ya jenomu nzima. Kipimo cha aina ya hemoglobini (siyo kile cha wingi wa damu) kinajibu, na fedha iliyobaki iende kwenye matibabu.

Ukiwa na mamia ya watu na unatafuta tofauti za herufi moja moja katika jamii, vipande vifupi. Ukiwa na mifupa ya kale, vipande vifupi vilevile.

Ukiwa na watoto wenye upungufu wa damu usioelezeka, au unashuku thalasemia ya alfa, soma wachache kwa HiFi, kisha tengeneza PCR rahisi ya kupima wengine wote kwa kile ulichokiona.

Mwanafunzi mwenye MinION na bajeti ndogo asitangaze jenomu nzima ya binadamu. Achukue DNA ya mitokondria, herufi 16,569 zinazorithiwa kwa mama peke yake, ambayo kifaa hicho kinaisoma kwa kipande kimoja, au jeni kadhaa alizozichagua, au vimelea. Kila moja ni tasnifu kamili.

Mwenye nia ya jenomu kamili kabisa achague watu wachache ambao wazazi wao wapo hai na wamekubali, apange utoaji wa damu siku ambayo maabara iko tayari kuipokea saa hiyo hiyo, na mkataba wa kusafirisha sampuli uwe umeshatiwa saini.

Na ikiwa sampuli zako ziko kwenye friza tangu miaka ya nyuma, usimpigie muuzaji yeyote bado. Toa DNA kutoka chache, ipitishe kwenye jeli ya kupimia urefu, uangalie mstari unasimama wapi. Ikiwa sehemu kubwa iko chini ya herufi 10,000, chukua vipande vifupi, na tofauti ya bei iongezee idadi ya watu utakaowasoma.